Godoro la Muoka Mikate

Hakuwa na makochi. Hakuwa na kabati la vyombo, wala televisheni, wala kiwanja, wala mchumba, na kiti alichokuwa nacho kilikuwa kimoja, tena kibovu mguu. Lakini binti huyo muoka mikate alikuwa na godoro nene la bei mbaya na mapazia mazito meusi, na vitu hivyo viwili vilimnyima raha mjomba wake.

"Baba, mimi sitii saini," Mjomba alimwambia babu wa binti walipokuwa wakipanda ngazi kwenda chumbani kwake. "Mtu hana hata sahani ya mgeni, halafu nimdhamini apangishiwe chumba chenye tanuri?"

Babu alikuwa na barua ya udhamini mfukoni. Aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko alioupata shule ya usiku, na mwandiko huo aliuonea fahari. Mwenye nyumba alitaka saini za wazee wawili wa familia kabla ya jioni. Zikikosekana, tanuri linapewa mwingine, na binti anaendelea kuoka usiku kucha kwenye tanuri za watu.

"Wewe una makochi," Babu alisema. "Tangu uyanunue hujayavua nailoni. Nikikaa nateleza kama sabuni."

"Yale ni ya wageni."

"Na mimi ni nani?"

Mjomba akakohoa.

Binti aliwafungulia, unga ukiwa bado kwenye nyusi. "Karibu, mume wangu," akamwambia babu yake. "Shikamoo, Mjomba. Mmoja akae kitini, mwingine godoroni."

Babu akawahi kiti, akakiegemeza ukutani. Mjomba akabaki na godoro.

"Najua unasema nachezea pesa," binti alisema akimimina chai. "Lakini kazi yangu ni ya usiku, Mjomba. Mchana jua linawaka, majirani wanafungulia redio. Nisipolala, mkate unaungua, au naungua mimi. Kwa hiyo nimeanza na usingizi. Makochi yatakuja baadaye, au yasije."

"Na kiwanja?"

"Nitanunua. Ila nataka nijenge humo, si nizikwe humo."

Mjomba alifungua kinywa ajibu, ukatoka mwayo. Akasema anajinyoosha kidogo, apate kufikiri. Binti akavuta mapazia, redio za majirani zikafifia, na punde mzee wa makochi akawa anakoroma.

"Mshahara wangu wa kwanza nilinunua taa ya kusomea," Babu alinong'ona. "Sikuwa hata na kigoda. Marehemu baba akaniuliza kama mwanga huo unatiwa chumvi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa nasoma, sikumsikia."

Wakacheka wakijiziba midomo.

Alasiri Mjomba aliamka, akajipapasa kiunoni kama aliyepoteza pochi.

"Mgongo hauumi," alisema taratibu. "Hili godoro linauzwa duka gani?"

"Kwanza nenda kavue nailoni," Babu alisema.

"Baba, acha hizo. Nipe kalamu."

Akatia saini akiwa amelala ubavu, barua ikiwa juu ya trei ya mikate. Babu akaongeza yake, yenye mkia mrefu, akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akashuka ngazi mbio kuipeleka kwa mwenye nyumba.