Kibodi ya Kitambaa

Abdulnasiri alikuwa na chumba cha kuchapia karibu na soko la Dodoma, enzi zile kompyuta zimeanza kuingia mjini. Alikuwa mkali kwa yeyote aliyesogea na kikombe karibu na mashine. Basi siku chai ilipomwagikia kibodi ikafa, na mwenye chai akawa ni yeye, mkewe Nasma alimpa tambara tu.

Kibodi nyingine ilibidi iagizwe Dar. Nasma, mshonaji wa Kondoa, akaomba ile iliyokufa. Akaifungua pamoja na Elisha, fundi redio wa jirani, wakakuta kadi yake ya ndani, ile inayopeleka herufi kwenye kompyuta, bado nzima. Wakaiunganisha na nyaya nyembamba za shaba, Nasma akazitarizi kwenye kitambaa, kila herufi ndani ya ua lake, na chini ya kila ua kitaa chekundu cha redio.

"Kompyuta si kochi la kutandikiwa," Abdulnasiri alisema.

"Kweli, mume wangu. Kochi halinyweshwi chai."

Asubuhi moja akaingia Mama Dorkasi wa Ipagala, anataka kadi za harusi ya binti yake Ruthu. Nasma akatandika kitambaa mezani, akabonyeza ua. Likawaka, na herufi ikatokea kwenye kioo. Mama Dorkasi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akaomba ajaribu. Akaandika jina la mwanawe taratibu, ua moja baada ya jingine, halafu akalitazama kwenye kioo.

"Nimeliandika mimi," alisema.

Nasma akaendelea na maneno ya mwaliko. Abdulnasiri akainama kuangalia, kiwiko kikatua juu ya kitambaa. Ua likawaka likabaki linawaka.

Mama Dorkasi akasoma kioo. "Mnakaribishwa nyote, gggggggg. Baba, hawa akina G ni wageni wa upande wako?"

Nasma alicheka mpaka akakaa chini. Abdulnasiri akaondoa kiwiko, akafuta, naye kicheko kikamponyoka.

Kibodi mpya ilipofika kutoka Dar, aliifungua kwa heshima zote. Lakini wateja waliingia wakiulizia ile ya maua, na kina mama waliokuwa wakiishia mlangoni sasa walivua viatu wakaingia. Jioni moja, duka likiwa tupu, Abdulnasiri alivuta kiti karibu na cherehani ya Nasma.

"Hii shaba," aliuliza kwa sauti ya chini, "unaishonaje isikatike?"

Nasma akampa sindano.

"Kwanza jifunze kutunga uzi," alisema.