Pweza wa Zambarau

Mji mzima ulimwita Dobi. Alikuwa amefua matope, damu, wino, grisi ya baiskeli na mara moja rangi ya mlango, na hakuna doa lililowahi kumshinda. Hilo alilijua vizuri, na kwa bahati mbaya alipenda wengine nao walijue.

Watu wa filamu walipoingia katika mji wao wa pwani, aliyemtafutia kibarua alikuwa mama yake mdogo. Mama mdogo alikuwa ametunza nguo za waigizaji kwa miaka ishirini na sita, na kazini walimwita Bi Pini kwa sababu ya kijimto cha pini alichokivaa mkononi kama saa. Alimshika Dobi bega akamsukuma mbele ya mwongozaji.

"Huyu binti wa dada yangu. Akiharibu, nimeharibu mimi."

Chumba cha nguo kilikuwa darasa la shule iliyofunga likizo, darasa lile lile ambamo Dobi alikuwa akisoma masomo ya jioni. Dawati lake la dirishani sasa lilikuwa meza ya pasi. Siku ya kwanza mama mdogo alifuta hesabu za sehemu zilizobaki ubaoni, akaandika kwa chaki: CHA KAPUNI KINAFULIWA. KILICHOTUNDIKWA HAKIGUSWI.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mama mdogo."

"Soma kwa sauti. Wewe si mwanafunzi?"

Akasoma kwa sauti, wasichana wa vipodozi wakicheka chini chini. Kisha mama mdogo akamkabidhi rundo la karatasi: hadithi nzima ya filamu, aisome nyumbani ajue nani anavaa nini na kwa nini. Kesho yake alipoulizwa, Dobi alisema ameimaliza na amecheka hadi mbavu zikamuuma. Uongo mtupu. Alisoma kurasa mbili, usingizi ukamchukua, na sasa karatasi zilikuwa chini ya mguu mfupi wa kitanda, zimekituliza vizuri kuliko tofali.

Alhamisi alasiri upepo ulichafuka, kazi ikasitishwa mapema. Mama mdogo akaenda gatini kumpima mwigizaji wa kike vazi la kuogelea. Dobi akabaki peke yake na pasi, na kwenye msumari wa juu ya ubao, peke yake, limetundikwa shati jeupe.

Kifuani lilikuwa na doa. Si doa, msiba! Zambarau iliyoiva, kubwa kama sahani, imechuruzika kuelekea kiunoni kwa michirizi mirefu. Dobi alilitazama, akageukia pasi, akalitazama tena. Lilikuwa likimwita kama kidonda kinavyoita kucha.

Aliisoma sheria ya ubaoni, tena neno kwa neno. Lakini alikumbuka pia jana yake, mwongozaji alipoingia akamwambia mama mdogo, "Bi Pini, bila wewe hatuna filamu," kisha akampita Dobi kama anayepita kiti. Mama mdogo amezeeka, alijiambia, amelisahau hili. Nitamsaidia. Ndani kabisa alijua kwamba si kusaidia. Alitaka kesho yule bwana aingie, asimame mbele ya shati linalong'aa, na aulize: nani huyu?

Alitumia maji baridi, chumvi, ndimu nne. Alisugua kwa upande wa ndani, kuanzia pembeni kuelekea katikati, mchirizi mmoja baada ya mwingine, kwa vidole, bila brashi. Akalianika, akalipiga pasi, akalirudisha kwenye msumari wake. Alirudi nyumbani akiimba, na mwanawe, binti wa miaka sita, akamuuliza kama ameokota kitu.

Asubuhi alifika wa kwanza. Mama mdogo akaingia na kikombe cha chai, akanyanyua macho ubaoni. Kikombe kikabaki hewani. Aliligeuza shati mbele, nyuma, mbele tena, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake na kukuta ukuta.

Steringi, mwigizaji mkuu wa filamu, akaingia amevaa fulana ya ndani, anatafuna mkate. "Bi Pini, nipe shati la pweza, jua linatuacha." Kisha akaona. Mkate ukasimama shavuni.

"Pweza wangu yuko wapi?"

Mwongozaji naye akaingia, na nyuma yake nusu ya kikosi. Hapo ndipo Dobi aliposikia, kutoka midomo ya watu waliokuwa wakipayuka wote kwa pamoja, hadithi aliyoilalia siku nne. Muuza aiskrimu anaogopa maji. Mwalimu wa kuogelea hajui kucheka. Wanagongana sokoni, aiskrimu ya zambarau inamrukia muuzaji kifuani, inachuruzika, inageuka pweza mwenye mikono minane, na mwalimu anaangua kicheko. Basi muuzaji anaapa halivui shati lile. Analivaa benki. Analivaa kwa daktari wa meno. Analivaa hadi siku ya mwisho gatini, anapojitupa baharini kwa ajili ya yule mwalimu. Benki na daktari walishapigwa picha. Gati lilikuwa leo. Na shati la akiba lilikuwa limeliwa na mnyororo wa baiskeli Jumanne.

"Pweza ndiye mapenzi yenyewe!" mwongozaji alisema, sauti imempanda. "Nani amegusa?"

Steringi alilinusa shati. "Linanukia ndimu."

Dobi aliificha mikono nyuma. Ilinukia ndimu mpaka viwikoni. Masikio yake yalipata moto. Mama mdogo alimtazama mara moja tu, akajua. Dobi akajua kwamba anajua. Akasubiri mdomo wake mwenyewe ufunguke, na mdomo haukufunguka.

"Ni mimi," mama mdogo alisema.

"Wewe? Bi Pini?"

"Uzee, bwana. Nilichanganya."

Mwongozaji alijipangusa uso. Alionekana kama mtu aliyeombwa kumpiga mama yake. "Chukua mkoba wako, mama," alisema hatimaye. "Siwezi. Siku nzima imekufa. Nenda kapumzike."

Mama mdogo akavua kijimto cha pini, akakiweka juu ya dawati la Dobi, akatoka akipita katikati ya watu. Msichana mmoja wa vipodozi alikuwa akilia. Na Dobi, Mungu amsamehe, alishika pasi akapiga soksi ambazo zilikwisha kupigwa.

Aliweza dakika tatu. Kisha alikimbia, akamkuta mama mdogo kwenye lango la shule, anahangaika na zipu ya mkoba.

"Mama mdogo."

"Rudi ndani."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa bubu, na mmoja wetu lazima aseme kitu." Zipu ilikataa. "Mimi jina langu wanalijua, watanikumbuka mwakani. Wewe wakikufukuza leo, ni nani atakuita tena? Una mtoto. Nyamaza, ufue, umalize wiki yako."

"Nilitaka anisifie," Dobi alisema. Lilitoka lenyewe, jembamba, kama la mtoto. "Yule bwana. Nilitaka aniulize jina. Na ile hadithi sikuisoma, mama mdogo. Iko chini ya kitanda."

Mama mdogo aliacha kuhangaika na zipu. Alimtazama muda mrefu, na hilo lilimuuma Dobi kuliko kofi.

"Chini ya kitanda," alisema taratibu. "Umecheka hadi mbavu zikakuuma." Akaenda zake bila kugeuka.

Dobi angeweza kunyamaza. Njia ilikwisha kusafishwa, alichotakiwa ni kuipita tu. Lakini kila alipofikiria kuingia darasani alikiona kile kijimto cha pini juu ya dawati lake.

Gatini watu wapatao arobaini walikuwa wamekaa juu ya masanduku, hawana la kufanya, na mwigizaji wa kike amejifunga taulo anatetemeka. Dobi alisimama mbele ya mwongozaji. Hakujua asimame vipi, basi akanyoosha mkono juu, kama darasani.

Mwongozaji alikitazama kile kiganja. "Unataka kwenda chooni?"

Watu wakacheka. Dobi hakuushusha.

"Shati nililifua mimi. Si mama yangu mdogo. Nilisoma sheria ubaoni na nikalifua. Halafu leo nikanyamaza akabeba yeye."

Kicheko kilikatika. Alisikia maji yakipiga nguzo za gati. Alitamani mbao zifunguke zimmeze, pweza wa kweli ampokee huko chini.

"Ulifikiri unafanya nini?" mwongozaji aliuliza, polepole.

"Nilifikiri ni uchafu."

Mtu mmoja nyuma alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, kikamtoka puani. Mwongozaji hakucheka.

"Nifukuze," Dobi alisema. "Lakini mrudishe yeye. Na kabla sijaenda, naweza kulirudisha lile doa. Nililitoa kwa vidole, bwana, mkono mmoja mmoja wa pweza. Najua kila mmoja ulipita wapi."

Mwongozaji alimtazama steringi, steringi akaliangalia jua, kisha akainua mabega. "Tuna nini cha kupoteza? Mimi nina baridi."

Wakatuma gari kwa mama mdogo. Dobi akaletewa ndoo ya aiskrimu ya zambarau, shati likatandazwa juu ya dawati lake, na picha zilizopigwa benki zikabandikwa ubaoni, juu ya sheria. Mama mdogo aliingia, akakivaa kijimto chake, akaketi upande wa pili. Hakumsalimu. Dobi alichovya kidole, akavuta mkono wa kwanza wa pweza kuanzia kifungo cha tatu. Mama mdogo alishika kitambaa kisikunjamane. Wakafanya kazi hivyo saa nzima, paji kwa paji, na mara mbili Dobi alilazimika kusimama ajifute macho kwa bega ili chozi lisidondoke juu ya mapenzi ya watu.

Steringi alijitupa majini kabla jua halijakwisha. Dobi hakuliona hilo, kwa sababu alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Mwongozaji alimlipa siku zake, akamwambia wasimwone tena karibu na kitu kilichotundikwa. Jina hakumuuliza.

Filamu ilirudi mjini baada ya miezi saba, ikaonyeshwa Jumamosi mchana kwenye pazia jeupe katika ukumbi wa shule, madirisha yamefunikwa mablanketi. Dobi alitaka kubaki nyumbani. Binti yake ndiye aliyemvuta kwa upindo wa gauni, na mama mdogo, ambaye tangu siku ile alizungumza naye kwa salamu na mambo ya misiba tu, alikuwa amewawekea nafasi mbili kwenye benchi.

Watu walicheka sokoni, wakacheka benki, kwa daktari wa meno wakagaragara. Hata Dobi alicheka. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa nzuri, angeisoma tu. Kisha likaja gati. Muuza aiskrimu alisimama ukingoni, magoti yanagongana, anajikaza. Shati likajaa pazia zima.

"Mama!" binti yake alisema kwa sauti ya kuitia mbuzi. "Pweza ana mikono saba! Mmoja nani kaula?"

Ukumbi ukalipuka. Mstari wa mbele mwongozaji aligeuka kwenye kiti, akaanza kuhesabu kwa kidole kuelekea kwenye pazia. Masikio ya Dobi yakapata moto ule ule wa asubuhi ile. Lakini safari hii mkono wake haukusubiri. Ulipanda wenyewe gizani, kiganja wazi.

Vidole vikaushika, vikauteremsha. Pini moja ikamchoma kidogo.

"Shusha," mama mdogo alinong'ona. "Niliona ni saba siku ile ile, ukiwa bado unachovya."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema ya kutosha kwa siku moja."

Kwenye pazia maji yaliruka. Dobi hakuyaangalia. Alikuwa akiutazama ule mkono wenye pini, ambao bado ulikuwa juu ya wake, na haukuondoka.