Mistari Miwili kwenye Jino la Delfin

Ukitaka kumuudhi Ising, mwambie eksirei ya jino ni kubonyeza kitufe tu. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiipiga katika kliniki iliyo juu ya duka la mikate, kwenye mji mdogo wa Bulacan. Kazi yake aliijua, na hakuona kwa nini ajifanye haijui.

Siku hiyo aliletwa Delfin, mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya mji. Walikuwa mazoezini, wakijiandaa kwa gwaride la sikukuu ya mtakatifu wao. Mpiga ngoma aliyemtangulia akasimama ghafla kumkwepa mbwa, Delfin akamvaa mgongoni na tarumbeta yake mdomoni. Jino la mbele sasa lilikuwa linacheza. Watu wa huko jino likiwasumbua wanataka ling'olewe, yaishe, na mama yake alikuwa ameshamwimbia hivyo njia nzima. Delfin mwenyewe hakutaka. Jino lile likitoka, midomo itakosa pa kuegemea, na tarumbeta ndiyo riziki yake na ndiyo raha yake.

Ising alikuwa ametoka kununua samaki, kwa hiyo Daktari Rommel, kijana aliyehitimu juzijuzi, alipiga picha mwenyewe. Ising aliporudi alikuta koleo liko tayari kwenye trei na ganzi imeshavutwa kwenye sindano. Daktari akamwonyesha picha: mzizi una nyufa mbili, moja juu ya nyingine. Jino limekatika vipande vitatu, alisema, hapo hakuna cha kuokoa.

Ising akaiinua picha kwenye mwanga. Ile mistari miwili ilikutana kushoto na kulia, kama ukingo wa kikombe ukiutazama kutoka juu kidogo: unaona wa mbele na wa nyuma, na kikombe ni kimoja. Alifurahi mpaka akasahau samaki wake mezani.

"Dokta, jino hili limekatika mara moja tu, kwa mshazari," alisema. "Mashine uliiweka chini mno, ndiyo maana ufa mmoja unaonekana mara mbili."

"Dada Ising, mistari miwili naiona kwa macho yangu."

"Hata mimi naiona. Nipe dakika kumi, kisha ukitaka kung'oa, ng'oa."

Daktari akanuna, maana mgonjwa alikuwa anasikia, lakini akampisha. Ising akamkalisha Delfin wima, akapachika filamu nyuma ya jino na kumwambia aishikilie kwa kidole gumba bila kuikandamiza, kwani ikipinda, picha nayo hupotoka. Kisha akapandisha kichwa cha mashine hadi usawa wa pua na kukiinamisha, ili miale ishuke sambamba na ufa wenyewe. Akatoka nje ya mlango, akabonyeza.

Filamu ilipotoka kwenye dawa ya kusafishia picha, ilikuwa na mstari mmoja, mwembamba, katikati ya mzizi. Daktari Rommel alizitazama picha zote mbili kwa muda mrefu, masikio yamemwiva. Akalirudisha koleo kwenye droo. Akaeleza kwamba jino la namna hii hurudishwa mahali pake, likafungwa kwa waya na wenzake, na mara nyingi hupona. Ila tarumbeta asiiguse kwa miezi kadhaa.

Mama mtu akaruka. Sikukuu ni Jumapili, miezi gani tena? Si bora ling'olewe, awekewe la bandia, apige hivyo hivyo? Nestor, mpiga tarumbeta wa pili, ameimezea mate nafasi ile miaka minne, na akishaipata haachii.

Delfin akamgeukia Ising. "Dada, una uhakika na huo mstari mmoja?"

"Ninao."

Delfin akavua kofia yake ya bendi, ile ya mpiga tarumbeta wa kwanza, akamkabidhi mama yake.

"Mpelekee Nestor," alisema, kisha akaegemea kiti na kufungua mdomo.