Vidole vya Tuye

Kifuniko cha mtungi wa Tuye kilifunguka mara moja, na wauza maziwa wenzake wakageuka kutazama. Kwa miaka mingi Tuye alikuwa akiubana mtungi wa maziwa ya ngamia kwa magoti ili binti yake, Racho, amfungulie. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda, na kila asubuhi viliamka vigumu kama kuni.

"Mkono wa nani huo?" Habsa, jirani yake sokoni, akauliza.

"Wangu," Tuye akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Zilikuwa sindano za hospitali zilizovilegeza. Daktari Gichunge alimweleza kwamba chembe za kinga mwilini huitana vitani kwa protini ndogo. Kwake yeye, protini moja haikunyamaza, na walinzi wake wakawa wanashambulia viungo vyake mwenyewe. Dawa ya sindano ingeizima. Lakini protini hiyo hiyo ndiyo huzuia maradhi yaliyolala yasiamke. Tuye akamwambia kuwa babake alikufa Garbatulla akikohoa. Daktari alipima kifua chake, hakuona kitu, akamsihi arudi upesi akianza kukohoa.

Kikohozi kilipoanza, hakurudi kumweleza. Alikuwa akifunga kamba, akisugua mitungi, akiifukiza moshi kwa mikono yake ili maziwa yasiharibike. Kikohozi alisema ni cha moshi. Usiku shuka zililowa jasho. Akasema ni joto. Kisha ikafika asubuhi ambayo vidole viliushika mtungi vizuri, lakini pumzi ya kuuinua haikuwepo. Racho akauona utepe wa damu kwenye leso, akamshika mkono, wakaenda hospitali.

"Ni kifua kikuu," Gichunge alisema makohozi yalipopimwa. "Kilikuwa kimelala. Sindano tunasimamisha leo."

"Na vidole?"

"Vinaweza kurudi vile vilikuwa, Mama Racho. Ukipona, tutaangalia tena."

"Nipe moja tu, ya mwisho."

"Hiyo ndiyo itakuzika."

Jioni, nyumbani Kiwanjani, Tuye alivaa barakoa, akaketi nje kwenye upepo, akamwita binti yake akae chini mbele yake. Akamvua mtandio. Nywele za Racho hakuwa amezisuka tangu binti huyo akiwa mtoto, kabla vidole havijapinda. Akazigawa, akaanza kusuka, vidole vikiwa bado vinamtii, mistari myembamba, iliyokazwa, akikohoa kando.

Karibu na sikio vidole vilisita. Racho hakugeuka. Vikatulia pale juu ya kichwa chake, kisha polepole vikaendelea.