Pete ya Kifundoni

Jumatatu asubuhi Luciana aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda la njiwa, nyuma ya nyumba yao ya Mlabani, akawavisha makinda pete. Kazi hiyo hufanywa kinda akiwa na umri wa juma moja hivi, vidole vikiwa bado laini. Unavikusanya vile vya mbele, unavipitisha kwenye pete, kisha unakivuta cha nyuma taratibu. Ukiwahi, pete inadondoka. Ukichelewa, haiingii. Ikivishwa kwa wakati wake, mguu unakua na pete haitoki tena mpaka njiwa afe.

Pete zilikuwa za kaka yake, Stanislaus, na njiwa walikuwa wake pia. Walikuwa njiwa wa kupinduka, wale wanaopanda pamoja mpaka wanaonekana kama punje za ufuta, halafu mmoja mmoja anajirusha kinyumenyume, anabiringika kuelekea chini, na kabla hajagusa mabati anafungua mabawa. Stanislaus alikwenda Zambia kuendesha malori ya shaba kwa mkataba wa mwaka mmoja. Banda alimwachia dada yake, kwa kuwa wazazi walishafariki na Luciana alikuwa hajaolewa. Mkataba uliongezwa, ukaongezwa tena. Kila Jumapili alipiga simu kuuliza habari za njiwa, jike fulani kama ametaga, dume fulani kama amepona koo.

"Warushe wakiwa na njaa," alikumbusha kila mara. "Njiwa akiruka ameshiba, harudi."

Jumanne Luciana aliamka na pete kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Ilikuwa ya alumini kama zile nyingine, ila kubwa, imemkaa sawasawa, ina herufi za jina la Stanislaus, mwaka, na namba inayofuata ile ya kinda wa mwisho. Alipaka sabuni, akavuta, ikakwama kwenye kisigino. Akaenda kuwawekea njiwa maji.

Luciana alikuwa na mchumba. Aliitwa Ngusa, Msukuma aliyezaliwa bondeni baada ya wazazi wake kushuka na ng'ombe kutoka Meatu. Aliishi ng'ambo ya mto, kupita daraja la Kivukoni, akifuga na kulima mpunga. Kila alipotuma mshenga, Stanislaus alijibu kwa simu kwamba hana neno na Ngusa, ni kijana mzuri, ila wasubiri arudi, maana banda nani atalishika?

Alhamisi Luciana alivuka kwenda kumsaidia mama yake Ngusa kupalilia. Jua lilipoanza kuelekea milima ya Udzungwa, miguu yake iligeuka. Alikuwa anakula. Aliweka sahani chini, akaaga nusu, akaondoka. Ngusa alimshika mkono amsindikize, kisha akamshika amzuie, akakokotwa darajani mbele ya wavuvi waliokuwa wanakung'uta nyavu, mpaka kandambili zikakatika, akaachia. Wavuvi waliwapisha. Luciana aliingia Mlabani kabla giza halijashuka, njiwa wa mwisho wakiingia bandani.

Kesho yake alikwenda kwa Beatus, fundi wa mageti. Beatus aliwasha mashine ya kukatia chuma, cheche zikaruka, jiwe la mashine likaisha, pete ikawa imeng'aa tu.

"Iliingia lini?" aliuliza.

"Jumatatu kuamkia Jumanne."

"Ungekuja siku ileile, dada. Hizi zikishakaa ndiyo basi."

Jumapili simu iliita kama kawaida.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Yule jike wa madoa ametaga?"

"Ametaga. Kaka, na mimi nina pete."

Kule Zambia lori lilipiga honi. "Ina herufi zangu?"

"Ndiyo."

"Namba?"

Alimtajia.

"Basi iko sawa. Nilidhani umevishwa ya banda la mtu mwingine."

"Nataka kuolewa, kaka."

Stanislaus alifikiri. "Olewa," alisema. "Kama jioni unarudi bandani, mimi nikukatalie nini?"

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Misa ilikuwa asubuhi, mjini, na sherehe ikafanyika nyumbani kwa Ngusa. Mshereheshaji alikuwa anawatambulisha mashangazi pale bibi harusi aliposimama. Wageni walisogeza viti. Mama yake Ngusa alimfungia wali na nyama kwenye hotipoti.

"Mpisheni," alisema. "Mwanangu, pale chini pana tope. Pita juu."

Luciana alikunja gauni mkononi, akaenda. Darajani aliweka hotipoti chini, akashika chuma cha ukingo kwa mikono yote miwili, kwa sababu siku hiyo hakutaka kurudi. Mikono ilishika. Miguu iliendelea kutembea palepale, ikikwangua lami, mpaka vidole vikaachia kimoja kimoja. Mvuvi mmoja alimfuata na hotipoti yake.

Asubuhi Ngusa alifika Mlabani na begi. Alisema atahamia hapo, ng'ombe atawaangalia mdogo wake. Luciana alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Pete za mwaka huu nyingine bado zimo kwenye kopo," alisema. "Usilale hapa."

"Mimi sina hofu na pete."

"Mimi ninayo. Nenda nyumbani, mume wangu. Nitakuja nikimaliza kuwalisha."

Krismasi Stanislaus alikuja likizo. Alimletea dada yake kitenge kizuri na viatu vyenye mikanda ya kufunga juu ya kifundo. Aliwarusha njiwa akiwa amevua kofia, na walipopinduka wote kwa mara moja alifuta machozi. Kisha alipiga goti mbele ya Luciana, akaisugua pete kwa kidole gumba, akaisoma.

"Ikate, kaka," Luciana alisema. "Fundi kashindwa, labda mwenye herufi ataweza."

"Ndege akikatwa pete anakuwa wa yeyote."

"Basi nikate niwe wa yeyote."

Stanislaus alicheka kwa upole, akamshika bega. "Wa yeyote si wa mtu. Halafu mimi nimuachie nani hawa? Hakuna awajuaye kama wewe." Aliyasema hayo kwa mapenzi, na Luciana aliona kwamba ni mapenzi. Kabla likizo haijaisha, alipata safari ya Kitwe, akaondoka.

Maisha yakaendelea. Asubuhi Luciana aliwalisha njiwa akavuka daraja. Kutwa alikuwa mke: alipika, alilima, alicheka na mumewe chini ya paa lao. Jua likiinama, Ngusa alimletea viatu.

Mimba ilipoonekana, Stanislaus alifurahi kwenye simu kuliko siku zote. Aliuliza mtoto anatarajiwa lini. Luciana alimwambia ni mwanzoni mwa mwaka.

"Vizuri," alisema. "Pete za mwaka ujao nimeshaagiza. Safari hii nimeagiza na ndogo kabisa."

"Asante, kaka," Luciana alisema, kwa kuwa ndivyo kaka anavyojibiwa.

Kesho yake alimweleza mama mkwe, na yule mama akaanza kukusanya khanga kuukuu na wembe mpya. Walipanga kwamba mtoto atazaliwa na kubaki ng'ambo kwa bibi yake, asilale Mlabani hata usiku mmoja, anyweshwe maziwa ya ng'ombe usiku, na mama atamkuta kila asubuhi. Tangu hapo, kila alipovuka Kivukoni, Luciana aliomba jambo moja tu, uchungu umshike asubuhi mapema, ili mtoto azaliwe kabla jua halijainama.