Kura ya Protas

Ijumaa baada ya swala, wafanyakazi wa kampuni moja ya ujenzi walikaa sebuleni kwenye nyumba yao ya Al Baraha, huko ughaibuni, kumchagua kiongozi wa nyumba. Matia, mlinzi kutoka Masaka, alitaka kiyoyozi kiwake kutwa. Amour, mpaka rangi wa Unguja, alitaka kizimwe, na samaki wakaangwe bila kuomba ruhusa. Zedekiya, Mkenya pekee, alijipigia kura mwenyewe. Hakuna aliyepata zaidi ya nusu.

Amour akamvuta Zedekiya kwa kumpa wizara ya jiko. Mseto ukaundwa, lakini kambi zikawa sawasawa.

Hapo akaingia Protas, akavua kofia yake ya kazi. Alikufa kiangazi kilichopita, alipoanguka kutoka ghorofani, lakini Ijumaa hakosi. Amour alimsogezea sahani. Matia aliuliza kama marehemu anaruhusiwa kupiga kura. Zedekiya akasema kwao huruhusiwa, tena huwahi foleni.

Kila upande ukamwahidi Protas uwaziri. Akakataa.

“Nitaiunga mkono serikali nikiwa nje,” alisema. “Ila nendeni kwa arbab, mwenye kampuni. Mama yangu ameambiwa nimetoroka kazi. Aambiwe nimekufa.”

Amour aliwahi kumpigia simu mama huyo, akajibiwa kwamba kampuni kubwa namna ile haiwezi kusema uongo.

Wote waliapa. Protas akamchagua Amour, kwa kuwa tangu afe baridi imemchosha. Serikali ya wachache ikaanza kazi kwa kuzima kiyoyozi.

Jumapili Amour na Matia walikwenda ofisini pamoja. Arbab, bwana Saif, aliwakaribisha vizuri, akawanywesha chai, akasema suala hilo linashughulikiwa, inshallah. Walipofika mlangoni aliwauliza kama wamesikia Protas alikotorokea.

“Yuko nyumbani,” Matia alisema. “Huja Ijumaa.”

“Basi mwambieni arudi kazini,” akasema Saif.

Ijumaa iliyofuata Protas aliwasikiliza hadi mwisho. Matia, jasho likimtiririka, alipendekeza kura ya kutokuwa na imani. Protas akamwomba aache, maana serikali mpya nayo itakwenda kunywa chai ileile. Kisha akachagua samaki mwenye miiba michache.

Huko Kasulu, mama yake alikuwa bado amemnunia.