Magadi Yenye Vitu Vinavyong'aa

...tena mbona yana vitu vinavyong'aa haya magadi, chumvi haing'ai hivi, ngoja niyasogeze mlangoni penye mwanga, kopo jipya, jana tu nimelinunua, na mwenye duka akaniapia, magadi matupu ya sabuni, Bi Mwanakheri, uhuru waja, vitu vyote sasa ni safi, nami nikaamini, haraka hii, mafuta ya nazi yameshapata moto sufuriani, na Dhahabu, mke mwenzangu, yumo chumbani na mtoto wake anauliza, dada, bado?, sabuni ya mwanao bado, namjibu... na kidole hiki chapanda mdomoni, lo!, mama yangu ndivyo alivyoonja maji ya majivu ya makumbi ya nazi akipika sabuni, tone kwenye ncha ya ulimi akajua ukali wake, lakini haya ya kopo yanabandua ulimi, osha kidole, osha, maji mengi... Philister jirani, mke wa Odhiambo wa bandarini, amelishika kopo anasoma Kizungu polepole, anarudia, hapa wanasema ni ya kuzibua bomba, mama, bomba la choo..., choo, na sabuni hii ni ya kumkogeshea mtoto akitoka arobaini, wa kwanza nyumba hii, baada ya miaka yote ambayo tumbo langu mimi halikushika, na Dhahabu aliniomba mwenyewe, mbele ya wanawake kisimani, hakuna apikaye sabuni kama wewe, dada, ningekataaje, mke mwenza nikikataa ni roho mbaya, nikikubali na ngozi ya mtoto ikatoka malengelenge nani Likoni nzima atalaumu kopo, watasema wivu, wallahi watasema alijua, na Rashid mume wetu hatasema kitu, atanyamaza tu, naogopa kunyamaza kwake... chukua kidogo kwa kijiti, tia kwenye kibakuli cha udongo chenye maji, rudi nyuma, Philister, usivute mvuke, yale magadi ya kopo la mwezi wa Shaabani yaliyeyuka kimya, maji yakapata moto yakabaki meupe, na haya, tazama, yanafoka, povu, maji yanageuka kijivu, wamechanganya na vumbi la bati hawa, basi nimegundua mapema, nimepona, jina langu limepona, alhamdulillahi... nalichukua kopo mkononi mwa Philister, na mbona sioni uso wa Rashid wala wanawake wa kisimani, naona kile kisogo cha mtoto, kile kilicholala begani kwangu asubuhi kikinuka maziwa, mama yake amelala, nikakishika kwa kiganja hiki hiki, na hiki ndicho ningekipaka sabuni hii kikaungua, si jina langu, ni hiki kisogo, mbona sikukifikiria hiki kwanza, nampenda, basi, nampenda mtoto huyu na sikumwambia mtu, hata nafsi yangu sikuiambia... Philister anauliza mafuta tuyafanyeje, yapoe, namwambia, yatangoja magadi mengine, na kutoka chumbani sauti ile ile, dada, bado?, nami nimesimama pale pale mlangoni na kopo mkononi, nasema kwa nguvu ili asikie, "Bado, Dhahabu. Sabuni ya mwanetu bado."